Kanda za mjomba: shajara ya kusaka mikwaruzo ya saundikadi

14 Juni 2025, Jumamosi

Marehemu mjomba ameacha kanda 37. Ishirini na tano zilikuwa kwenye bati la biskuti, zilizobaki kwenye mfuko wa rambo wa enzi kabla haijapigwa marufuku, umefungwa mafundo matatu kama vile ndani kuna dagaa. Ni harusi za hapa Tanga mjini, kasida za madrasa, vipindi vya redio na taarab. Mjomba alikulia enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, na hakuwa mtu wa kwenda shereheni bila kinasa chake. Kanda moja imeandikwa "Lucky Star" kwa kalamu nyekundu. Nimeisikiliza, ndani kuna mtu anahutubia juu ya bei ya korosho.

Mkaza mjomba anataka zote ziingie kwenye flashi ili asikilize kwenye redio ya jikoni. Nimemwambia wiki mbili. Naandika shajara hii kwa sababu najua kuna watu wengi wenye mabati kama haya majumbani, na nitaongeza kila hatua inapokamilika.

Vifaa: deki ya mjomba, saundikadi (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) ya nje ya USB yenye matundu mawili ya kuingizia sauti, niliyoazima kwa rafiki yangu wa Raskazone, laptopu ya mtumba yenye Windows 10 na RAM ya GB 8. Narekodi kwa programu ya Reaper, nachunguza kwa nyingine iitwayo Audacity. Kipimo ni 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde, biti 24, kwa sababu IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti, kinashauri isipungue hapo. Upande mmoja wa kanda ya C90, yaani dakika 45, unakula takriban MB 778. Hakikisha diski ina nafasi.

Nimesafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, nikaweka kanda ya harusi, nikabonyeza. Dakika ya tatu ikaanza: tata, tatata, kama bisi kwenye sufuria. Dakika ya 22 sauti ikatoweka kabisa karibu nusu sekunde, kisha ikarudi kana kwamba haijaenda popote.

Nimehukumu papo hapo kwamba kanda zimezeeka.

21 Juni, Jumamosi

Nilipeleka deki kwa fundi wa redio, Ngamiani. Amebadilisha mpira unaozungusha kanda, akapaka mafuta, akarekebisha kasi. Shilingi 25,000. Sauti haiyumbi tena, na hilo kweli lilihitajika. Kabla sijaondoka akachukua kanda yangu, akaunga deki moja kwa moja kwenye spika zake, akaniambia nikae nisikilize.

"Mwanangu, deki hii inakwaruza wapi?"

Haikukwaruza. Dakika kumi nzima. Ile kazi ya kuunga deki kwenye spika ningeifanya nyumbani bure kabla ya kupanda bajaji.

Nyumbani nimeiunga tena kwenye saundikadi. Bisi zimerudi.

24 Juni, Jumanne

Jaribio la leo halina gharama, na kama ungeniuliza nianzie wapi ningekwambia anzia hapa. Nimerekodi upande uleule wa kanda mara mbili, dakika 30 kila mara, kisha nikaziweka rekodi mbili juu na chini kwenye skrini na kuzilinganisha. Mkwaruzo ulio kwenye kanda utatokea mahali palepale mara zote mbili. Mkwaruzo wa kompyuta utahama.

Mara ya kwanza mikwaruzo na mapengo 41. Mara ya pili 39. Iliyokaa mahali pamoja ni miwili tu, mmoja wao mkubwa, dakika ya 14. Hiyo miwili ni ya mjomba, mingine yote ni yangu.

29 Juni, Jumapili

Sitaki kuichosha kanda kwa kuipiga mara hamsini. Nimepata njia nyingine. Nimechukua waya nikaunga tundu la kutolea sauti la saundikadi na tundu lake lenyewe la kuingizia, nikatengeneza toni ya 1 kHz kwa Audacity, nikaipiga na kuirekodi kwa wakati mmoja, dakika 30. Ukiitazama kwenye spektogramu, yaani picha ya sauti, toni safi ni mstari mmoja uliolala. Zikipotea sampuli hata chache, wimbi linavunjika na unaona mstari uliosimama wima kutoka chini hadi juu. Huna haja ya kusikiliza, unahesabu tu kwa macho.

Kabla ya kupiga toni hakikisha umezima kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kile kinachorudisha sauti inayoingia kwenye tundu la kutolea. Mimi sikuzima. Sauti ikazunguka, ikapiga yowe, na mdogo wangu aliyelala chumba cha pili akatoka na ndala mkononi.

Hesabu ya kuanzia: mistari 63 kwa dakika 30. Ni mingi kuliko ya kanda kwa kuwa hapa unahesabu makosa ya sauti inayotoka na inayoingia kwa pamoja. Haidhuru. Ninachotaka ni namba moja ya kulinganishia.

Sheria niliyojiwekea: nabadilisha kitu kimoja, napima dakika 30, naandika. Nitaivunja mara moja na nitaijutia.

7 Julai, Jumatatu, Saba Saba

Sikukuu, nyumba kimya, nimeshinda kwenye mipangilio.

Kwanza bafa. Hii wengi mnaijua, ila niielezee kwa ambao hawaijui, maana ndiyo ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu. Bafa ni simtanki ya sauti. Bomba la mtaa likikatika dakika chache, nyumba yenye simtanki haijui. Ikikatika muda mrefu kuliko maji yaliyomo, bomba la jikoni linakohoa. Bafa yangu ilikuwa sampuli 256, ambazo kwa 48 kHz ni milisekunde 5.3 tu. Nimepandisha hadi 1024, yaani milisekunde 21.3. Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni angelalamika kwamba sauti yake inachelewa. Kanda hailalamiki, kwa hiyo kwa kazi kama hii hakuna sababu ya bafa ndogo hata kidogo.

Kutoka 63 hadi 41.

Nikapandisha hadi 2048 nikidhani nitaikata tena. Ikabaki 41. Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza kwa nini simtanki kubwa zaidi haisaidii. Sikujiuliza, nikaendelea kubonyeza, nikarudisha 1024.

Pili, kiwango cha sampuli. Reaper ilikuwa 48,000, Windows kwenye mipangilio ya sauti imeandika 44,100. Kila programu nyingine ilipotaka kutoa mlio, hata ile kengele ya ujumbe kwenye kivinjari, saundikadi ilivutwa huku na huku. Nimeweka 48,000 kila mahali, nikazima milio yote ya Windows, na nikaiambia Windows itumie spika za laptopu yenyewe kwa mambo yake. Saundikadi ni ya Reaper peke yake.

Hesabu: 36. Mitano tu imepungua, lakini ilikuwa ile mapengo marefu ya nusu sekunde, na hayajarudi tena hadi leo ninapohariri ukurasa huu.

12 Julai, Jumamosi

Nimepakua LatencyMon. Ni programu ya bure inayoonyesha draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ipi inaishika prosesa muda mrefu bila kuiachia. Kazi za sauti zina saa yake. Draiva nyingine ikikalia prosesa kupita muda huo, sauti inapitwa na zamu yake, na zamu iliyopita haisubiriwi.

Niliiacha izunguke dakika 15. Juu kabisa ikasimama ndis.sys, ambayo ni mambo ya mtandao, na kilele chake kilikuwa mikrosekunde 43,600. Piga hesabu: hizo ni milisekunde 43.6, na simtanki yangu ni ya 21.3. Hata ile ya 2048 ni ya 42.7 tu.

Nimeingia kwenye orodha ya vifaa vya Windows nikaizima kadi ya waifai yenyewe. Kuondoa alama ya waifai pale chini kwenye upau hakukutosha kwenye mashine yangu. Nikapima tena.

Kutoka 36 hadi 15.

Nilipiga kelele ya furaha peke yangu. Nikamtumia mkaza mjomba ujumbe kwamba mambo yamekaa sawa. Akajibu kwa sauti: "Alhamdulillahi mwanangu, sasa flashi naipata lini?" Sikujibu siku hiyo.

Kabla hujazima waifai jaribu kusasisha draiva yake kwanza. Mimi nilipata toleo jipya, kilele kikashuka kidogo tu, na kwa kuwa wakati wa kurekodi sihitaji intaneti nimeona kuzima ni salama zaidi.

19 Julai, Jumamosi

Siku mbaya. Nimevunja sheria yangu.

Kwenye LatencyMon, ya pili kwenye orodha ilikuwa ACPI.sys. Nikasoma kwamba kwenye laptopu nyingine kinachosumbua ni Windows kuuliza hali ya betri kila baada ya muda, na kwamba unaweza kukizima kifaa kinachohusika kwenye orodha ileile ya vifaa. Nikakizima. Siku hiyohiyo nikabadilisha mpango wa umeme uwe wa nguvu zote, na nikazima ule usingizi wa USB ambao Windows huutumia kuokoa chaji. Vitu vitatu kwa mpigo. Hesabu ikawa 14. Yaani kutoka 15 hadi 14, na hata huo mmoja sijui niushukuru upi kati ya vitatu.

Sasa sikia. Nilikuwa narekodi kwa betri, chaja imechomolewa, kwa sababu chaja ikiwa ndani deki inaleta muungurumo wa 50 Hz, ule wa umeme wa ukutani. Ukikizima kile kifaa cha betri, Windows haijui tena chaji imebaki kiasi gani. Haikuonyi na haijilazi. Dakika ya 38 ya kasida, upande ambao kanda yake imeanza kunata na sitaki kuipiga tena, skrini ikawa nyeusi.

Faili lilikuwepo, lakini maelezo yake ya mwanzo hayakukamilika na hakuna programu iliyokubali kulifungua kama kawaida. Kilichoniokoa ni Audacity, ina sehemu ya kuingiza data ghafi. Nikaiambia biti 24, chaneli mbili, 48,000. Mara ya kwanza ikatoka kelele tupu, mvua kwenye bati. Sababu ni kwamba kila sampuli ni baiti tatu, ukianza kusoma katikati yake kila kitu kinapishana. Nikasogeza mwanzo baiti moja, kelele. Nikasogeza ya pili, watoto wa madrasa wakaanza kusoma. Nimekaa kimya nikawasikiliza hadi mwisho wao, dakika 38.

Kifaa cha betri nimekirudisha. Usikiguse.

Muungurumo nao umepungua mno baada ya kuchomeka deki na chaja kwenye ekstensheni moja yenye waya wa athi. Deki ilikuwa kwenye soketi ya ukuta huu na chaja kwenye ya ukuta ule. Kwa hiyo sasa narekodi chaja ikiwa ndani, jambo ambalo ningelifanya mapema kama nisingekuwa mvivu wa kusogeza meza.

27 Julai, Jumapili

Mistari 14 imegoma. Nimejaribu kila kilichoshauriwa: nimezima antivairasi, nimezima sasisho, nimeondoa programu za zamani, nimehamia tundu jingine la USB upande wa pili. Inakuwa 13, 15, 14, 16. Haya ni maji yaleyale.

Nikaamua kuiondoa Windows kwenye kesi. Niliweka Ubuntu Studio, mfumo wa Linux wa kazi za sauti, kwenye flashi ya GB 16, nikawasha laptopu kwa flashi bila kugusa diski. Ina JACK, mfumo wa sauti ambao una tabia moja nzuri kupita zote: kila kompyuta inapochelewa kuhudumia sauti, inahesabu na kukuonyesha namba.

Toni ileile, dakika 30. JACK ikasema: kuchelewa mara 0. Spektogramu ikasema: mistari 13.

Niliitazama skrini muda mrefu. Kompyuta haikuchelewa hata mara moja, na bado sampuli zimepotea. Maana yake, kwa mistari hii iliyobaki, simtanki haikukauka. Maji yanavuja njiani kabla hayajafika kwenye simtanki, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuongeza ukubwa kutoka 1024 hadi 2048 kutobadilisha kitu ile Saba Saba. Jibu lilikuwa mbele yangu siku ile.

Hapa inabidi kueleza jinsi USB inavyobeba sauti. Ukinakili faili kwenye flashi na kipande kikaharibika kwenye waya, kompyuta inakiomba tena hadi kifike kizima. Sauti haibebwi hivyo. Kwenye USB 2.0 muda umekatwa vipande vya mikrosekunde 125, kila kipande kinaondoka na mzigo wake, na kilichoharibika hakirudiwi. Kinatambulika kwamba ni kibovu, basi, safari inaendelea. Ndiyo maana waya mbaya unaweza kuhamisha faili la GB 4 bila kosa hata moja, halafu ukakwaruza sauti usiku kucha. Mimi nilikuwa nimeutoa waya kwenye orodha ya washukiwa kwa sababu hiyohiyo: "mbona printa inachapa vizuri nao?"

3 Agosti, Jumapili

Nimekaa na ile mistari 13 ya Linux nikaandika muda wa kila mmoja. Kisha nikatoa tofauti: sekunde 38, 57, 19, 190, 76, 95... Zote zinagawanyika kwa 19.

Nikasema basi nimeipata, kuna kitu kinaamka kila sekunde 19. Nimepoteza saa tatu nikitafuta ni programu gani. Ninatafuta huku najipepea, kwa sababu nilizima feni ili nisikie vizuri. Jaribio lililofuata likatoa mistari miwili tu.

Feni.

Ni ile ya kusimama, inayogeuza shingo kushoto na kulia. Madirisha huwa nayafunga, kusi linaingiza vumbi na sitaki liingie kwenye deki, kwa hiyo feni inafanya kazi hata mwezi wa saba. Nimeshika saa: kutoka kona moja hadi kurudi konani, sekunde 19. Ikifika usawa wa meza, upepo unautikisa waya wa USB unaoning'inia nyuma. Si kila mara, ila mara inapoutikisa vya kutosha, mstari.

Nikawasha toni, nikaugusa waya kwa kidole pale unapoingia kwenye saundikadi. Mstari. Nikagusa tena. Mistari mitatu. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tochi ya simu kwenye mdomo wa saundikadi: kijani. Vile vibati vya shaba vimeota kutu ya kijani, kutu ya chumvi. Saundikadi hii imekaa miaka miwili Raskazone kwenye dirisha linalotazama bahari. Watu wa Tanga tunajua bahari inavyokula bawaba, paa na baiskeli, ila sikuwa nimewahi kufikiri inakula na USB.

Kwa uaminifu lazima niseme pia: hesabu zangu zote za nyuma zilipimwa feni ikiwaka siku nyingine na siku nyingine imezimwa, sikuandika. Kwa hiyo ile 14 dhidi ya 15 ya tarehe 19 haina maana yoyote.

8 Agosti, Ijumaa, Nane Nane

Tangu leo kila jaribio ni feni ikiwaka, mwendo wa tatu, ikielekea mezani.

Dawa ya kusafishia kontakti, ile ya kopo ya kupuliza, shilingi 12,000. Nimepuliza tundu na ncha ya waya, nikachomeka na kuchomoa mara ishirini, nikaacha zikauke. Kutoka 15 hadi 6.

Waya mpya wa printa, mita 3, shilingi 6,000, kwa muuza vifaa vya simu. Nikapima: 20. Nilidhani nimekosea, nikapima tena: 21. Ni mwembamba kama uzi wa nazi, na ncha yake inacheza ndani ya tundu. Saundikadi hii inakula umeme wake wote kupitia waya huohuo, na USB 2.0 inatoa volti 5 kwa miliampea zisizozidi 500. Waya mwembamba na mrefu unaupoteza umeme huo njiani. Ukiwasha na ile 48 V ya maiki za kondensa hali inakuwa mbaya zaidi. Shilingi 6,000 hizo zimekwenda. Sasa waya huo nimefungia kamba ya kuanikia nguo, na huko unafanya kazi nzuri.

Waya wa pili, mita 1, mnene, wenye ile shanga nyeusi karibu na ncha, shilingi 15,000. Hesabu: 4.

Nne hizo zikaniudhi kuliko zile 63. Nikarudi kwa mzee wangu wa Ngamiani. Safari hii nilimweleza vizuri: ukiugusa waya, inakata. Akafungua saundikadi, akaweka kioo cha kukuza, akaniita nitazame. Mguu mmoja wa tundu la USB una ufa kwenye risasi ya kulehemu, duara jembamba kama unywele kuzunguka mguu. Ukilisukuma tundu unaona mguu unapumua. Ni kuchomeka na kuchomoa kwa miaka, na kutu juu yake. Akakwangua, akalehemu miguu yote minne na masikio ya pembeni yanayolishikilia tundu. Shilingi 10,000, na onyo: "Usiuache waya uning'inie. Ufunge kwenye meza."

Nimeufunga kwa utepe, nimeacha kitanzi kidogo karibu na tundu ili uzito usivute.

Dakika 30, feni mwendo wa tatu: 0. Nikarudia, nikaweka dakika 90, nikaenda kuswali na kula. Nimerudi: 0. Nikauchapa waya kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi. 0.

Kisha, kwa udadisi tu, nikawasha waifai. Mistari 19. Kwa hiyo ugonjwa wa waifai ulikuwa wa kweli na ugonjwa wa waya ulikuwa wa kweli, na ungetibu mmoja tu usingelala.

Matumizi hadi leo: deki 25,000, dawa 12,000, waya mbovu 6,000, waya mzuri 15,000, lehemu 10,000. Jumla shilingi 68,000. Kwa mikwaruzo yenyewe zilizofanya kazi ni 37,000. Rafiki wa Raskazone nimemwambia saundikadi yake imepona na kwamba aitoe dirishani. Amesema basi nikae nayo.

17 Agosti, Jumapili

Kanda nne zimekamilika, pande nane. Nimeanza na harusi ile ya kwanza. Nikaenda na laptopu hadi kwa mkaza mjomba, jikoni kwake, nikamwamkia, akanivutia kigoda karibu na jiko la mkaa. Alisikiliza amefumba macho, anataja majina ya wapiga vyombo, nusu yao marehemu.

Dakika ya 14 ikafika. TATA! Ule mkubwa, mmoja wa ile miwili isiyohama. Nikaanza kujieleza haraka haraka kwamba huu si wa kompyuta, huu uko kwenye kanda yenyewe, nimeupima, na nikimaliza nitaufuta kwa Audacity kipande kidogo tu hausikiki...

"Uufute wa nini? Hapo ndipo bwana harusi alipokanyaga waya wa maiki. Sikiliza watu."

Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Kweli, nyuma ya mkwaruzo, mbali, ukumbi mzima unacheka, na mmoja karibu kabisa na kinasa anacheka kuliko wote. Ni mjomba.

Nimeuacha. Kesho zinaingia C90 mbili za kasida, nikianza na ile inayonata. Zimebaki 33.